Motokaa Inayoandika Safari za Mwenyewe

Tukiiona motokaa mpya ikipita barabarani, sisi wanafunzi hutazama rangi yake na umbo lake, kisha twabishana juu ya nguvu ya injini. Ni wachache kati yetu wanaojua kwamba motokaa nyingi zinazotengenezwa siku hizi hufanya kazi nyingine zaidi ya kuchukua watu. Huandika. Huandika mahali zilipokwenda, saa ya kuondoka, mwendo zilioushika na jinsi dereva alivyokanyaga breki, na habari hizo huzipeleka mbali, kwa watu ambao dereva hajapata kuwaona. Katika makala hii nataka kuwaeleza wasomaji jinsi jambo hili linavyofanyika, yaliyotokea katika nchi zilizotangulia kulipata, na kwa nini nadhani linatuhusu sisi pia, ijapokuwa wengi wetu hatuna hata baiskeli.

Jinsi motokaa inavyoandika

Motokaa ya zamani ilikuwa chuma, mpira na petroli. Habari za safari ya jana zilibaki katika kichwa cha dereva tu, na akisahau zilikuwa zimekwisha. Motokaa ya leo ina kompyuta ndogo ndogo nyingi, kila moja na kazi yake. Moja huangalia injini, nyingine breki, nyingine mikanda ya viti, na nyingine ile mifuko ya hewa inayofutuka motokaa inapogonga kitu. Kompyuta hizo haziwezi kufanya kazi bila vipimo. Ili magurudumu yasikazwe na breki hata yakateleza, lazima kompyuta ijue kila gurudumu linazunguka kwa kasi gani. Ili mfuko wa hewa ufutuke kwa wakati wake, lazima ijue mwendo umepungua kwa ghafula kiasi gani. Basi vipimo hivi havikuwekwa kwanza kwa ajili ya kumpeleleza mtu. Viliwekwa kwa ajili ya usalama, na watu wengi wamepona kwa sababu yake.

Kilichobadilisha mambo ni simu. Motokaa nyingi mpya zina laini ya simu ndani yake, kama ile iliyomo katika simu ya mkononi, lakini hii imefungwa kiwandani na mwenye motokaa haioni. Zina pia chombo cha kupokea mawimbi ya setilaiti, ambacho huiwezesha motokaa kujua mahali ilipo juu ya uso wa dunia. Kwa njia hiyo vipimo ambavyo zamani vilizaliwa na kufa ndani ya motokaa sasa husafiri kwa intaneti mpaka kwenye kompyuta kubwa za kampuni iliyoiunda, na huko huwekwa akiba. Habari za namna hii ndizo ziitwazo data.

Tufanye mfano. Mwalimu mmoja aondoka Jinja saa moja asubuhi kwenda Kampala kwa motokaa ya namna hiyo. Baada ya kuvuka mto Nile aongeza mwendo ili alipite lori. Katika msitu wa Mabira mtoto anayeuza ndizi akimbilia barabarani, na mwalimu akanyaga breki kwa nguvu zake zote; mtoto asalimika. Mukono asimama dakika ishirini mbele ya nyumba ya daktari. Saa tatu na nusu afika Kampala. Mkewe hajui juu ya daktari, wala mkuu wake wa kazi. Motokaa yajua. Saa, mahali, mwendo, breki na zile dakika ishirini, yote yaweza kuandikwa na kutumwa kabla mwalimu hajazima injini.

Tusikichanganye chombo hiki na kile kiitwacho sanduku jeusi. Sanduku jeusi la motokaa hushika sekunde chache tu za kabla na baada ya ajali, na habari zake hubaki humo ndani mpaka zitolewe. Katika Marekani sheria ya mwaka 2015 yasema wazi kwamba habari zilizomo katika sanduku hilo ni mali ya mwenye motokaa, au ya aliyeichukua kwa mkataba wa kukodi. Sheria hiyo ilihusu sanduku tu. Habari zinazotoka nje kwa simu zilibaki bila mlinzi wa namna hiyo, na huko ndiko shida ilikoanzia.

Faida zake

Si haki kutaja mabaya ya kitu na kunyamaza juu ya mema yake. Motokaa yenye simu ikiibwa, polisi waweza kuitafuta mpaka ilipofichwa. Kitu kikiharibika katika injini, mwenyewe aweza kuonywa kabla hajakwama njiani usiku.

Faida kubwa kupita zote ni ya wakati wa ajali. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 31 Machi 2018, kila aina mpya ya motokaa inayoidhinishwa kuuzwa lazima iwe na chombo kiitwacho eCall. Motokaa ikigonga vibaya, chombo hiki chenyewe hupiga simu 112 na kutaja mahali palipo na ajali. Dereva aliyezimia hawezi kupiga simu. Motokaa yake humpigia.

Lakini jambo ambalo napenda wasomaji walishike ni hili: waliotunga sheria ya eCall waliandika humo humo kwamba chombo hicho kisitumike kuifuatilia motokaa wakati wote. Chakaa kimya mpaka siku ya ajali. Hii yaonyesha kwamba yawezekana kupata faida bila kumwandikia mtu kila hatua. Wale wanaotuambia kwamba hatuwezi kupata usalama ila kwa kutoa siri zetu zote hawasemi kweli yote.

Yaliyotokea Marekani

Kampuni ya General Motors ni moja ya kampuni kubwa za motokaa duniani. Kwa miaka mingi imekuwa ikiwauzia wateja wake huduma iitwayo OnStar, ambayo huunganisha motokaa na kampuni kwa simu. Ndani yake palikuwa na mpango mmoja ulioitwa Smart Driver. Mpango huo ulimwonyesha dereva jinsi anavyoendesha, kama mwalimu anavyomwonyesha mwanafunzi alama zake, ili ajirekebishe.

Mwaka 2022 mtu mmoja wa karibu na mji wa Seattle, mwenye motokaa ya umeme aina ya Chevrolet Bolt, aliona malipo yake ya bima yamepanda kwa asilimia 21. Alishangaa, maana hajapata kusababisha ajali. Akaenda kwa kampuni nyingine za bima, nazo zikamtajia bei kubwa vilevile. Mwishowe wakala mmoja akamwambia kwamba sababu mojawapo ni taarifa kutoka kampuni iitwayo LexisNexis. Akaiomba taarifa hiyo, akaletewa kitabu cha kurasa zaidi ya 250. Kurasa zaidi ya 130 kati ya hizo zilikuwa orodha ya safari zake na za mkewe kwa muda wa miezi sita: safari 640, kila moja na saa ya kuanza na ya kumaliza, urefu wake, na mara ambazo motokaa ilikwenda mbio mno, iliongeza mwendo kwa ghafula au ilifungwa breki kwa ghafula.

Habari hii ilitolewa katika gazeti la The New York Times mwezi wa Machi 2024, na ndipo watu wengi walipojua yaliyokuwa yakifanyika. General Motors ilikuwa ikipeleka habari za madereva kwa LexisNexis na kwa kampuni nyingine iitwayo Verisk. Kampuni hizi mbili hukusanya habari za watu na kuwauzia wenye bima. Kwa hiyo dereva alidhani anaongea na motokaa yake, kumbe motokaa yake ilikuwa ikiongea na soko. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Siku chache baada ya habari hiyo kutoka, General Motors iliacha kuzipelekea kampuni hizo mbili habari za madereva, kisha ikaufunga mpango wa Smart Driver. Mwezi wa Agosti 2024 mwanasheria mkuu wa jimbo la Texas aliishtaki mahakamani. Mwezi wa Januari 2025 tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, iitwayo Federal Trade Commission, ilitangaza shauri lake. Tume ilisema kwamba kampuni ilikuwa ikichukua habari za mahali motokaa zilipo, wakati mwingine kila baada ya sekunde tatu, na kwamba wateja hawakuelezwa kwa uwazi walipoandikishwa katika mpango ule. Katika mapatano yaliyotangazwa siku hiyo, kampuni ilikubali kukatazwa kwa miaka mitano kuzipa kampuni za taarifa za wateja habari za mahali na za uendeshaji wa madereva, na kupaswa kuomba ruhusa ya mwenyewe kwanza.

Kosa lilikuwa wapi?

Hapa yafaa tufikiri kwa utulivu. Je, ni vibaya kampuni ya bima kujua jinsi mtu anavyoendesha? Mimi sidhani hivyo. Mtu anayekwenda mbio mno ana hatari kubwa kuliko mwenzake, na si haki mpole amlipie mkorofi. Katika nchi kadhaa wako madereva wanaokubali kwa hiari yao kufungiwa chombo cha kupima uendeshaji wao, ili wakiendesha vizuri wapunguziwe malipo. Huo ni mkataba. Kila upande wajua unachotoa na unachopata.

Kosa lilikuwa kwamba habari zilichukuliwa kwa shabaha moja zikatumiwa kwa nyingine. Dereva aliambiwa: tutakusaidia uendeshe vizuri zaidi. Hakuambiwa kwa lugha ya wazi: na alama zako tutamwuzia mtu atakayekupandishia bei. Yawezekana jambo hilo lilikuwa limeandikwa mahali fulani katika kurasa nyingi za masharti, ambazo mtu hubonyeza kukubali akiwa amesimama dukani na ufunguo wa motokaa mpya mkononi. Lakini mtu hawezi kusemwa amekubali jambo ambalo lilifichwa ili asilione.

Kosa la pili ni kubwa zaidi kwa maoni yangu. Tarakimu haziandiki sababu. Turudi kwa yule mwalimu katika msitu wa Mabira. Aliokoa maisha ya mtoto kwa kukanyaga breki. Katika kitabu cha motokaa imeandikwa tu: breki kwa ghafula, mara moja. Dereva mlevi aliyekanyaga breki kwa sababu alikuwa amesinzia ameandikiwa maneno yaleyale. Karani wa bima aliye mbali huwaona wote wawili kuwa sawa.

Mjomba wangu ni dereva wa lori katika njia ya Mombasa na Kampala. Kampuni aliyoifanyia kazi zamani ilikuwa imefunga chombo cha kufuatilia katika kila lori. Madereva walijua, wala hawakunung'unika, kwa maana mizigo huibwa njiani. Usiku mmoja, karibu na Salgaa, alimkuta dereva mwenzake amepinduka, akasimama kumsaidia mpaka alipopata gari la kumpeleka hospitali. Chombo kiliandika kwamba lori limesimama saa moja na nusu mahali pasiporuhusiwa. Mwisho wa mwezi alikatwa mshahara. Alipojaribu kueleza, alionyeshwa karatasi iliyotoka katika kompyuta, na mazungumzo yakaishia hapo. Mjomba hupenda kusema, "Karatasi ile haikusema uongo hata neno moja, lakini haikusema kweli." Sijapata kusikia mtu akilieleza jambo hili vizuri kuliko yeye, naye aliacha shule darasa la saba.

Akiba ya siri haikosi mwizi

Labda msomaji atasema: hiyo ni kampuni iliyouza, je, kampuni isiyouza? Jibu lilipatikana Ujerumani. Mwezi wa Desemba 2024 gazeti la Der Spiegel, pamoja na chama cha wataalamu wa kompyuta kiitwacho Chaos Computer Club, walieleza kwamba habari za motokaa za umeme kama 800,000 za kampuni ya Volkswagen na ndugu zake Audi, Seat na Skoda zilikuwa zimeachwa wazi katika intaneti kwa miezi kadhaa. Kwa motokaa kama 460,000 palikuwa na habari za mahali zilipokuwa zimeegeshwa, na nyingine zilionyesha mahali hapo kwa usahihi wa sentimita kumi tu. Kwa kutazama motokaa inalala wapi, inashinda wapi na inakwenda wapi Jumapili, mtu angeweza kujua maisha ya mwenyewe. Kati ya motokaa hizo palikuwamo za wanasiasa na za polisi wa Hamburg.

Hakuna aliyekusudia uovu. Kampuni ilipoarifiwa iliufunga mlango. Lakini nyumba isiyo na dhahabu haivunjwi kwa ajili ya dhahabu. Kama habari hizo zisingekuwa zimelundikwa, kusingekuwa na cha kuvuja.

Hata wafanyakazi wa kampuni yenyewe ni watu kama sisi, wenye udadisi wao. Mwezi wa Aprili 2023 shirika la habari la Reuters lilieleza kwamba kati ya mwaka 2019 na 2022 baadhi ya wafanyakazi wa Tesla walikuwa wakionyeshana kwa mzaha picha zilizopigwa na kamera za motokaa za wateja.

Wala hizi si kampuni chache zilizopotoka. Mwezi wa Septemba 2023 taasisi ya Mozilla ilichunguza masharti ya aina 25 za motokaa, na hakuna hata moja iliyofaulu mtihani. Asilimia 84 zilisema zaweza kuwapa wengine habari za wateja, na asilimia 76 zilisema zaweza kuziuza. Taasisi hiyo ilisema kwamba katika vitu vyote ilivyowahi kuchunguza, motokaa ndizo zilizokuwa mbaya kuliko vyote kwa kulinda faragha.

"Asiye na la kuficha aogope nini?"

Tulipolijadili jambo hili katika chama chetu cha midahalo, mwenzetu mmoja alisimama akasema maneno hayo, akapigiwa makofi mengi. Nimeyafikiri tangu siku ile, na hapa nitajaribu kuyajibu vizuri kuliko nilivyoweza katika dakika tano za mdahalo.

Kwanza, siri si kosa. Mwalimu wetu wa Mukono hakuiba kitu kwa daktari. Alikuwa na ugonjwa, na mgonjwa ana haki ya kuchagua atamwambia nani na siku gani. Tunafunga mlango tunapooga, na hakuna anayesema kwamba bafuni kuna wizi.

Pili, kuonwa si sawa na kuandikwa. Mwenzetu alisema kijijini kila mtu hujua motokaa ya nani imepita na imekwenda kwa nani, na hatujafa kwa hilo. Ni kweli. Lakini jirani anayekuona, nawe wamwona. Wamjua jina lake na nyumba yake. Akikusingizia waweza kumwita mbele ya wazee akajibu. Na baada ya majuma machache amesahau, kwa sababu ana shamba lake la kulima. Mtambo hausahau, hauchoki, hauitwi barazani, na wewe huwezi kuuona unapokutazama. Kijiji chenye jirani wa namna hiyo watu wangekihama.

Hali yetu hapa

Sasa msomaji ataniuliza: mambo ya Seattle na Hamburg yatuhusu nini sisi wa Uganda? Motokaa nyingi za hapa zimekwisha kutumiwa ng'ambo, khasa Japani, kabla ya kufika kwetu. Lakini tupige hesabu. Tangu mwaka 2018 sheria yetu yakataza kuingiza motokaa iliyotimiza miaka 15 au zaidi. Maana yake ni kwamba motokaa iliyoundwa mwaka 2020 yaweza kuingia nchini mpaka kufika mwaka 2035. Motokaa zinazoandika leo huko ng'ambo ndizo tutakazozinunua sisi tutakapokuwa watu wazima wenye mishahara. Nazo hazitavua tabia zao mpakani.

Hata sasa, motokaa ya mitumba yenye kioo cha kuunganishia simu yaweza kuja na majina na namba za simu za marafiki wa mwenye zamani, na njia alizozoea kupita. Na sisi tukiiuza tutamwachia mwingine ya kwetu.

Tena kuna shauri la namba za kidijitali. Mwezi wa Juni 2021 wauaji waliopanda pikipiki walimpiga risasi waziri, Jenerali Katumba Wamala, mjini Kampala. Yeye alipona, lakini binti yake na dereva wake waliuawa. Mwezi uliofuata serikali ilifanya mapatano na kampuni moja ya Urusi ili magari na pikipiki zifungwe namba zinazoweza kufuatiliwa, na kazi ilianza mwezi wa Novemba 2023 kwa magari ya serikali. Shabaha ni kuwakamata wahalifu, na aliyefiwa na mtu wake hawezi kuidharau shabaha hiyo. Watetezi wa haki, kati yao Human Rights Watch, waliuliza ni nani atakayezitazama habari hizo, na kwa idhini ya nani. Mimi naona pande zote mbili zina maneno ya haki, na kwa sababu hiyo lile swali halina budi kujibiwa kwa maandishi.

Hatuanzi mikono mitupu. Katiba yetu, kifungu cha 27, yakataza kuingilia faragha ya nyumba ya mtu, barua zake, mawasiliano yake na mali yake nyingine, na motokaa ni mali. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda habari za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Moyo wa sheria hizo ni ule ule tuliouona juu: habari iliyochukuliwa kwa kazi moja isitumiwe kwa kazi nyingine bila sababu ya haki. Lakini sheria ambayo watu hawaijui ni kama dawa iliyofungiwa kabatini.

Tufanye nini?

Kwa wanafunzi wa zamani wenye motokaa nina maneno matatu. Kwanza, kabla ya kununua motokaa mpya au kukubali chombo cha bima, muulize muuzaji: motokaa hii hupeleka habari gani, kwa nani, nami naweza kuikataza? Asipojua, mwambie akaulize. Pili, ukiuza motokaa, futa kwanza simu yako na njia zako katika kioo chake, na ukinunua, futa za mwenzako. Tatu, ukiambiwa kwamba kompyuta imesema jambo baya juu yako, omba kuonyeshwa lilivyoandikwa. Yule mtu wa Seattle asingejua lolote kama asingeomba kitabu chake. Katika Ulaya, tangu Septemba 2025, sheria humpa mwenye motokaa haki ya kupata data zinazotoka katika motokaa yake. Sisi pia twaweza kuidai haki kama hiyo.

Kwa wanafunzi wenzangu sina la kuwaambia juu ya kununua motokaa. Lakini miaka kumi ijayo baadhi yetu watakuwa mafundi, wanasheria, makarani wa bima na wakubwa wa makampuni ya malori. Itakuwa zamu yetu kuamua ni habari gani zichukuliwe na zikae muda gani. Na siku moja mmoja wetu ataketi nyuma ya meza, mbele yake karatasi iliyoandikwa "breki kwa ghafula", na ng'ambo ya meza dereva amesimama ameshika kofia mkononi. Naomba mwenzetu huyo, kabla hajakata mshahara wala kupandisha bei, amwulize dereva kulikuwa na nini barabarani.